Shingo niliyoisugua

Kwa karibu mwaka mzima nilimsugua mwanangu shingo. Jumamosi jioni, maji ya moto, sabuni, dodoki, na mimi nimekunja mikono ya gauni kama ninayekwenda vitani. Nyuma ya shingo alikuwa na mstari mweusi, mnene, wenye ngozi kama mahameli ukiipapasa. Kwapani alikuwa na mwingine wa namna hiyo. Niliamini ni uchafu. Nilimwambia mtoto wa miaka 12 kwamba mtu anayejipenda huoga akatakata. Yeye aliinamisha kichwa tu, ameshika ukingo wa beseni, hasemi kitu. Siku moja nilisugua mpaka vidoti vya damu vikatokea. Weusi ukabaki palepale.

Habari hii ni ya unene wa mwanangu. Nimeanza na shingo kwa sababu ndiyo inayoniuma zaidi mpaka leo, ingawa kilichotupeleka hospitali kilikuwa goti.

Goti la kushoto lilianza kama mchezo. Leo linauma, kesho halina neno. Nikampaka dawa ya kuchua. Akaanza kuchechemea akitoka shule, nikasema ni viatu, nikanunua vingine. Tukaenda zahanati moja. Mhudumu alimtazama mwanangu toka juu hadi chini kabla hata hatujaketi, akaandika dawa za maumivu, akasema goti limechoka kubeba mzigo, apunguze uzito. Hakumgusa. Hata suruali hakuipandisha alione hilo goti lenyewe. Na mimi nikatoka pale nimeridhika, maana alichosema ndicho nilichokuwa nakisema nyumbani kila siku. Ubaya wa "apunguze uzito" ni kwamba ni kweli, na kwa kuwa ni kweli hakuna anayejisumbua kuuliza kama kuna lingine.

Wiki sita baadaye dada yake akaniambia, "Mama, mbona mguu mmoja unataka kwenda njia yake?" Nikamkaripia kwamba anamcheka mwenzake. Kisha nikamwangalia kijana akivuka sebule. Unyayo wa kulia ulielekea mbele. Wa kushoto ulikuwa umegeukia nje kabisa, na bega lake lilikuwa linashuka kila akiukanyagia.

Safari hii tulimpata daktari wa watoto. Goti alilishika, akalikunja, akalinyoosha, akaachana nalo. Akamlaza chali. Akachukua mguu wa kulia, akaukunja kuelekea tumboni, ukaja umenyooka vizuri. Akachukua wa kushoto. Ulipofika katikati, paja likajigeuza lenyewe kuelekea nje, kama mlango ulioning'inia kwenye bawaba moja. Akarudia polepole, likafanya vilevile. Hapo akamwomba nesi alete kiti cha magurudumu, akamgeukia mwanangu: "Kuanzia sasa hukanyagi chini. Hata kwenda chooni." Nilidhani anatania. Tulikuwa tumetembea kwa miguu kutoka kituo cha basi.

Nitajaribu kueleza kama nilivyoelezwa mbele ya picha ya eksirei. Juu kabisa ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga. Kwa mtoto anayekua, kichwa hicho bado hakijashikana moja kwa moja na shingo ya mfupa. Katikati kuna tabaka la gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kipindi cha balehe tabaka hilo huwa dhaifu kuliko kawaida. Likibebeshwa uzito mkubwa kila hatua, siku baada ya siku, linaanza kuachia. Kichwa kinabaki ndani ya kikombe, shingo inahama chini yake. Kwenye picha ya mwanangu ilionekana kama kofia iliyokaa kombo. Goti lilikuwa zima kabisa. Mshipa wa fahamu unaohudumia nyonga unapeleka habari zake gotini pia, kwa hiyo mtoto analia mahali pasipo na ugonjwa, na mama anachua mahali pasipo na ugonjwa. Mtu akipiga picha ya goti peke yake ataiona safi na kuwarudisha nyumbani.

Watoto wembamba nao huupata ugonjwa huu, na wakati mwingine chanzo ni homoni. Lakini wengi wanaopata ni wenye uzito mkubwa, na wanaupata katika miaka ileile ambayo sisi tunasema "atarefuka utaisha wenyewe". Ukichelewa, kichwa cha mfupa kinaweza kuteleza ghafla, kikakosa damu na kufa. Daktari alisema maneno hayo kwa sauti ya kawaida sana, kama anayesoma tarehe.

Upasuaji ukapangwa kesho yake: skrubu moja, ipite kwenye shingo ya mfupa mpaka kichwani, ishikilie pale palipofika. Hawakirudishi kichwa mahali pake kwa nguvu. Wanakizuia kisiteleze zaidi.

Jioni ile ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nyonga ilikuwa mgeni wa kwanza tu kubisha hodi.

Walimpima uzito: kilo 104, urefu sentimita 162. BMI yake, yaani kilo ukizigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ikakaribia 40. Kwa mtoto namba hiyo haisomwi hivihivi, inalinganishwa na watoto wa umri wake na jinsia yake. Hata hivyo, madaktari wengi huhesabu unene kuwa mkali mtoto anapofika 35, au anapozidi kwa asilimia 20 kile kizingiti cha unene cha umri wake. Sisi tulikuwa tumepita huko zamani. Nesi wa kwanza alipima presha, mashine ikasoma juu sana, moyo wangu ukaruka. Akaja nesi mwingine, mtu mzima, akaangalia mkanda uliofungwa mkononi, akauvua. "Huu ni mdogo kwake. Mkanda mdogo unadanganya." Akafunga wa mtu mzima. Ikashuka, ila haikushuka vya kutosha: 138 kwa 86. Nikaambiwa kwa mtoto hawahukumu kwa siku moja, mpaka ionekane hivyo mara tatu siku tofauti. (Ilionekana.)

Halafu akaja dada wa dawa ya usingizi. Alitaka kujua mwanangu amekula saa ngapi, ana mzio wa nini, jino lipi linalegea. Kisha akauliza, "Anakoroma?"

Nikacheka. Nikasema anakoroma kama babu yake, kwetu ni kichekesho, tulishawahi hata kumrekodi. Hakucheka. "Huwa ananyamaza katikati halafu anashtuka kama anayezama?" Nikamtazama mwanangu, mwanangu akanitazama mimi. Nilikuwa na ile rekodi kwenye simu. Nikamchezea. Tuliisikiliza sote watatu pale wodini: koromo, koromo, koromo refu, kimya. Kimya kikaendelea. Mimi na binti yangu tulipoirekodi tulikuwa tunasubiri hapo tuangue kicheko, na sauti zetu zinasikika zikijizuia. Kisha akavuta hewa kwa mshindo na sisi tukapasuka kucheka. Dada yule alikuwa akitazama saa yake. "Sekunde kumi na tisa," akasema, na akaandika.

Usiku baada ya upasuaji walimwacha na kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni. Nilikaa kando ya kitanda. Namba ilikuwa 97, 96, 97. Akakoroma. Akanyamaza. Kifua kinapanda, tumbo linapanda, lakini puani hakuna kitu. 93. 90. Mashine ikalia ikifika 87, ikaenda mpaka 84, nesi akaja mbio akamgeuza ubavu. Alipoondoka ikajirudia. Nadhani ilijirudia mara thelathini kabla sijaacha kuhesabu. Koo la mtu aliyelala hulegea. Likiwa limezungukwa na mafuta, au tonsili na nyama za pua zikiwa kubwa, linaziba. Oksijeni inashuka, ubongo unamwamsha nusu tu, anapumua, analala tena. Asubuhi hakumbuki chochote. Anaamka na kichwa kinamuuma, anasinzia darasani, wengine huanza tena kukojoa kitandani, na moyo umefanya kazi usiku kucha kana kwamba alikuwa anakimbia. Ripoti yake ya shule ya muhula uliopita iliandikwa "mvivu, halali nyumbani". Nilimnyang'anya simu mwezi mzima kwa ripoti ile. Mtoto alikuwa analala kwa muda wa saa tisa kila usiku. Alikuwa halali hata moja.

Majibu ya damu yalikuja siku ya tatu, na daktari wa watoto ndiye aliyeyaleta. Kabla hajafungua karatasi alimwomba mwanangu ainamishe kichwa, akaigusa ile shingo kwa kidole gumba.

"Hii imeanza lini?"

Sikujibu. Alijibu mwanangu: "Ni uchafu. Mama anausugua."

Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Daktari hakunigombeza. Alieleza kwamba jina lake ni akanthosisi nigrikansi na haitoki kwa sabuni, kwa sababu haijatoka nje, imetoka ndani. Mwili wenye mafuta mengi unaacha kuisikia insulini, kongosho linatoa insulini zaidi na zaidi ili sukari isogee, na insulini hiyo nyingi inazichochea seli za ngozi zizaliane. Ngozi inakuwa nene, inakuwa nyeusi. Shingoni, kwapani, kwenye mikunjo. Kwa hiyo ile jumamosi ya kwanza niliyochukua dodoki, kongosho la mtoto wangu lilikuwa tayari limeandika barua na kuibandika mahali ambapo ningeiona kila siku. Mimi nikaifuta kwa sabuni.

Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 6.1. Kisukari huanza 6.5. Kati ya 5.7 na 6.4 ndiyo unaambiwa uko mlangoni. Vimeng'enya vya ini vilikuwa juu, na ultrasaundi ilionyesha ini limejaa mafuta. Nilipotaja ini kwa ndugu zangu, mmoja aliuliza kama mtoto anakunywa pombe. Ndiyo maana wataalamu walibadilisha jina la ugonjwa huo mwaka 2023, wakaliondoa neno la pombe kwenye jina la kitabibu. Kwa sasa ndio ugonjwa sugu wa ini unaowapata watoto wengi kuliko mwingine wowote. Hauumi. Hakuna mtoto atakayekuja kukwambia ini linauma.

Usiku ule mwanangu aliniambia kitu ambacho ameniruhusu nikiandike (kuna kimoja amekikataza, nacho sitakiandika): "Nilijua si uchafu. Nilikuwa naoga mara mbili."

Tangu hapo nimesoma sana, zaidi ya inavyofaa kwa mtu anayetaka kulala. Nilichosoma kuhusu kisukari aina ya pili ndicho kilichoniondolea ile hadithi ya kwamba madhara ni ya uzeeni. Kule Marekani walifuatilia vijana karibu 700 waliopata kisukari hicho wakiwa na miaka kati ya 10 na 17. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba walipofika wastani wa miaka 26, asilimia 60 walikuwa wameshapata angalau dhara moja la mishipa midogo: figo, macho au mishipa ya fahamu. Miaka 26! Umri ambao mtu anatafuta kazi na mchumba. Kisukari hiki kikimkamata kijana huenda kasi kuliko kinapomkamata mtu wa miaka hamsini, na metformini, kidonge cha kushusha sukari, peke yake ilishindwa kwa karibu nusu ya vijana wale.

Mengine nitayapitia haraka, maana hayakutupata, ingawa wodini nilikutana na mama wa watoto waliopatwa. Miguu ya chini kupinda kama upinde. Mawe kwenye kibofu cha nyongo. Presha ya maji yanayozunguka ubongo, ambayo huja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu, na inaweza kuondoka na uwezo wa kuona. Wasichana kuruka hedhi miezi na kuota ndevu, wakaambiwa ni kawaida ya umri. Binti mmoja wa miaka 15 alikuwa hajazungumza na mtu shuleni tangu muhula uanze. Mama yake alisema hilo ndilo lililomleta, sukari waliigundua pale.

Sasa ndugu. Kila ukoo una shangazi mwenye dawa: "Mfunge mdomo." Nina watoto wawili, wanakula chungu kimoja, meza moja, na binti yangu ni mwembamba kama fito. Kama ni mdomo tu, niambieni. Homoni ya leptini, inayoutangazia ubongo kwamba akiba ya mafuta ipo, iligunduliwa mwaka 1994. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza walieleza habari za watoto wawili, binamu, ambao miili yao haikuitengeneza kabisa, na njaa yao haikuwa na mwisho. Walipopewa homoni hiyo kwa sindano, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Kasoro kama hizo ni adimu. Mwanangu hana hata moja kati ya zilizopimwa, na kwa kuwa ni mrefu kwa umri wake, daktari hakuwa na shaka kubwa na homoni. Wanaomtia wasiwasi ni wanaonenepa huku wamedumaa kimo. Lakini habari ya wale binamu inanisaidia kumjibu shangazi. Njaa ina mitambo yake, na mitambo haijali kukaripiwa.

Sitawadanganya kwamba mimi sina mkono hapa. Vinywaji vya sukari nilivileta mimi, kila siku, kwa sababu vilimnyamazisha. Simu nilimpa mimi. Ila nimeona pia kwamba kujilaumu ni njia nzuri sana ya kukwepa miadi ya kliniki. Unajisikia umeshafanya kitu, kumbe umelia tu.

Mwongozo uliotolewa Januari 2023 na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani unasema wazi kwamba kungoja mtoto "akue nao" hakuna faida iliyothibitishwa. Unataka familia nzima ikae na wataalamu kwa saa zisizopungua 26 ndani ya miezi 3 hadi 12. Dawa zinaweza kufikiriwa kuanzia miaka 12, na kwa wenye unene mkali kuanzia 13, rufaa ya kuzungumzia upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito. Sisi tumeshakaa saa kumi na moja, nazihesabu kama mfungwa. Dawa ya sindano ya kila wiki tumeizungumzia. Kwenye jaribio la vijana lililochapishwa mwaka 2022, BMI ya walioitumia ilishuka kwa wastani wa asilimia 16. Mwanangu aliuliza swali moja tu: "Nikiacha?" Daktari akajibu kwamba uzito kwa kawaida hurudi. Tumepanga kuamua baada ya miezi mitatu. Nimechagua kuliacha swali hilo mikononi mwake kwa sehemu kubwa, maana mwili ni wake na nimeshausugua vya kutosha.

Kipo kipande kimoja nilichokibandika kwenye mlango wa kabati. Mwaka 2011 watafiti waliunganisha takwimu za Marekani, Ufini na Australia, za watu waliopimwa wakiwa watoto na kupimwa tena ukubwani. Waliokuwa na uzito uliozidi utotoni lakini wakafika ukubwani bila unene, hatari yao ya kisukari, presha na mishipa kuziba ilikuwa sawa na ya wale ambao hawakuwahi kunenepa. Nikikata tamaa naenda kufungua kabati ambalo sina haja nalo.

Nyumbani sasa kuna mashine ya kusukuma hewa, na barakoa ya kufunika pua. Usiku wa kwanza aliivua mara nne. Wiki ya tatu alilala nayo mpaka asubuhi, na mimi ndiye sikulala, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Mwalimu amesema siku hizi anauliza maswali darasani. Hakusema "anauliza maswali mazuri", amesema "anauliza maswali mengi", na ninamwamini.

Skrubu iko mahali pake. Magongo ameyarudisha. Nyonga ya kulia nayo wanaiangalia, kwa sababu nyonga ikiteleza upande mmoja, ya upande wa pili nayo inaweza kufuata, na wataendelea kuiangalia mpaka mifupa ifunge. Nimepewa amri moja: akisema goti, tusingoje.

Juzi alikuwa anavua viatu mlangoni, akasema goti la kulia linamuuma. Sikumaliza hata kumsikiliza. Nikapiga simu hospitali, nikaita gari, nikamkalisha na kumkataza kukanyaga, nikamwamuru dada yake alete kiti. Tukapigwa picha za nyonga zote mbili, tukasubiri saa mbili na nusu. Safi kabisa. Kwenye gari, tukirudi, akaniambia kwamba alikuwa amejigonga kwenye kona ya dawati. Alitaka kunieleza pale mlangoni, ila nilikuwa naongea na simu.